Kaisari wa Miezi Mitatu na Mtani Wangu

Mimi ni mtu wa kinyongo, na sioni sababu ya kulificha hilo. Wako wanaosema wamesamehe na kusahau. Nikiwasikia najua wamesahau tu, kusamehe hawajasamehe. Mimi sisahau. Mwaka mzima sikusemezana na jirani yangu wa Katubuka, hapa Kigoma, kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, na kamba yenyewe alikuwa amekwisha kuirudisha. Kwa hiyo ninaposimulia habari ya binamu yangu na sarafu yangu, msitarajie nianze kwa upole.

Sarafu hiyo nilianza kuitaka nikiwa Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani mwa Burundi. Nilikuwa mkalimani wa Kirundi, wakati ule wakimbizi kutoka Burundi walipojaa ufukweni hata pa kuweka mguu hapakuwepo. Niliyekuwa nikimtafsiria ni daktari mmoja wa Kiitaliano, mzee mwembamba, mkali wa kazi, asiyecheka ovyo. Kutwa nzima nilikuwa mtu wa kusema, "Daktari anauliza, mtoto ameharisha mara ngapi tangu jana?" Tukimaliza, kabla jua halijazama, mzee yule alinawa mikono ziwani, akaketi juu ya jiwe, akatoa mfukoni sarafu ya shaba iliyochakaa na kuigeuzageuza. Siku moja nilimuuliza ni ya nini. Akaniambia ni ya kaisari wa Roma aliyetawala miezi mitatu tu, karibu miaka elfu mbili iliyopita, na kwamba yeye hukusanya sarafu za makaisari wa namna hiyo, wale waliokaa kitini muda mfupi kuliko mimba ya mbuzi.

Akanisimulia. Kaisari huyo alikuwa na kipara, akavaa nywele za bandia, na kwenye sarafu zake nywele hizo zimepangwa mistari mistari kama kichwa kilichotoka kusukwa. Alitarajia kwamba mzee aliyekuwa akitawala angemfanya mrithi wake. Mzee akampita, akamtangaza mwingine. Siku tano baadaye mzee na mrithi wake wote wawili walikuwa maiti, na mwenye nywele za bandia ndiye aliyeketi kitini. Siku tano! Nikamwambia daktari kwamba huyo ndiye mtu wangu. Akanitazama, akasema nisubiri nisikie mwisho wake. Miezi mitatu haijaisha, jeshi lake likapigwa. Askari wengine walikuwa bado tayari kupigana, lakini yeye akajiua ili watu wasiendelee kufa kwa ajili yake. Hapo sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubaliani.

Kambi ilipohamishwa na daktari akaondoka, aliniachia ile ya shaba. Ndivyo nilivyoanza. Wengine hukusanya vikombe vya chai, wengine hukusanya vitenge ambavyo hawatavishona kamwe, mimi nikamkusanya mtu mmoja. Si kazi rahisi. Huko Roma kwenyewe hakutengeneza sarafu za shaba hata moja, zilizopo za shaba ni za miji ya mashariki, kwa hiyo anayemtaka hasa hana budi kuitafuta ile ya madini ya fedha. Nilifungua duka la kutoa fotokopi Katubuka, na mashine ikiwa inapiga kelele mimi nilikuwa nimeinamia simu, nikifuata minada ya watu wa mbali. Nilipata moja ya Misri, yenye herufi za Kigiriki, ikakaa njiani miezi minne. Ya fedha ikawa kila nikiinyooshea mkono, mwingine amekwisha kuichukua.

Miaka sita nilingoja. Kisha daktari, aliyekuwa amestaafu, alirudi Kigoma kutembea, akanijia dukani na kunikabidhi kibahasha cha karatasi, vile vya kutilia vidonge. Ndani yake alikuwemo kaisari wangu, mpana kama ukucha wa dole gumba. Shingo nene, kidevu cha mtu aliyezoea kula vizuri, nywele za bandia zimekaa safu kwa safu. Upande wa pili amesimama mwanamke mwenye tawi mkononi, na maandishi yanayotangaza amani ya dunia nzima. Daktari aliniuliza amani Warundi wanaiitaje, kana kwamba alikuwa amesahau. "Amahoro," nikamjibu, na machozi yakanitoka mbele ya wateja.

Sarafu ilikuwa na weusi wenye bluu kwa mbali, kama mgongo wa mgebuka, samaki wa ziwa letu. Daktari alinionya kuhusu weusi huo. "Hiyo ndiyo ngozi yake," alisema. "Usiisafishe kamwe. Ukiisafisha utakuwa umemchuna." Mwaka uliofuata nilipata habari kwamba amefariki. Sikuwa na kitu kingine duniani nilichokingoja muda wote ule nikakipata, maana ndoa niliyoingoja iliondoka baada ya miaka miwili na watoto sikujaliwa. Mjue basi nilichonyang'anywa.

Aliyeninyang'anya ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, na kwa sababu hiyo ni mtani wangu. Tangu tukiwa wadogo huniita mke wangu mbele ya watu, hata siku ya harusi yangu alimwendea bwana harusi akamwambia kwamba anamwazima tu, asinichoshe. Ana duka la simu Mwanga, ana sauti ya kuuzia mnadani, na watu humpenda. Hilo la kupendwa ndilo lililokuwa likiniudhi zaidi.

Mama alipougua nilihamia kwake Ujiji kumuuguza, nikaenda na kisanduku changu cha sarafu. Alipofariki, siku ya tatu, siku ya kuanua matanga, watani waliingia kazini. Wa kwetu wanajua: siku hiyo mtani ana ruhusa. Binamu yangu alijifunga kanga ya marehemu, akavaa miwani yake, akainama mgongo kama yeye na kuanza kuzunguka uani akifoka kwa sauti ya mama mwenyewe, "Nani kagusa masufuria yangu? Nani kayaacha na masizi?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka, sitasema uongo. Kwa dakika ile mama alikuwa amerudi.

Kisha akaingia ndani, akatoka ameinua mkono.

"Jamani, njooni muone! Kumbe mke wangu ana mwanamume mwingine chumbani! Mweusi tii, na kasuka nywele!"

Kicheko kilipasuka uani. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka.

"Huyu ni mateka wangu," akasema, akamtia kaisari kwenye mfuko wa shati. "Atakayemtaka aje amkomboe."

Kukomboa ni desturi, sikuipinga. Mtani akichukua kiatu cha marehemu, unampa soda au kuku, mnacheka, anarudisha. Siku ya pili nilimpelekea jogoo. Alimpokea, akamchinja, akamla, akanitumia ujumbe kwamba kaisari hakombolewi kwa jogoo, jogoo labda ni wa kumkombolea akida. Nikampelekea migebuka kumi ya kubanika. Akaila na rafiki zake, wakasema mke wa bwana huyu anajua kuchagua samaki. Nikampelekea kitenge, akamvalisha mkewe. Kila mara alinipokea kwa heshima zote, na kila mara nilirudi Katubuka mikono mitupu.

Halafu nikamkuta dukani kwake akikwangulia vocha. Mteja amenunua vocha ya simu, na binamu yangu anamkwangulia zile namba kwa ukingo wa kaisari, kwaru kwaru, huku anaongea habari za mpira. Alinikonyeza. Niliondoka bila kuaga, na njia nzima nilikuwa nikimtukana kwa sauti, mpaka muuza karanga akanipisha njia.

Nilikwenda kwa wakubwa. Shangazi yangu, aliyewahi kuamua kesi nzito za ukoo, alinisikiliza huku akichambua mchele. "Mtani hakasirikiwi," akasema. "Ukimkasirikia mtani umejivunjia heshima wewe, si yeye. Ni kipande cha chuma tu, mwanangu. Kacheke naye, atakupa." Wengine wote walisema vivyo hivyo. Ingekuwa ni mwizi wa usiku ningekwenda polisi. Huyu alinichukulia mchana, mbele ya ukoo mzima, na ukoo mzima ulipiga makofi.

Basi nikaanza kulipiza. Kwenye harusi moja Gungu nilimtilia chumvi kwenye chai, vijiko vitatu. Akanywa yote, akasimama akawatangazia watu kwamba mapenzi ya mke wake yamekolea. Nikabandika karatasi kwenye mlango wa duka lake kwamba amehamia Kasulu. Akacheka, akaitoa fotokopi, akawagawia wateja. Kila nilichomtendea kiligeuka utani kabla hakijamfikia. Nilikuwa kama mtu anayempiga mwenzake kwa mto wa sufi.

Ndipo nikapata wazo ambalo mtu wa heshima asingelisema, lakini mimi nalisema. Nilianza kungoja msiba kwake. Msiba ukitokea nyumbani kwa mtani wangu, zamu inakuwa yangu. Ningeingia vyumbani kwake kwa ruhusa ya mila, ningechukua sarafu yangu, na nikitoka na redio yake, hati ya kiwanja na meno ya dhahabu ya mama mkwe wake, hakuna ambaye angefungua mdomo. Nilikuwa nikilala na wazo hilo na kuamka nalo. Ilinichukua majuma kadhaa kutambua kwamba msiba ulio karibu zaidi na binamu yangu ni wa baba yake, yaani mjomba wangu. Niliona aibu. Aibu yenyewe haikukaa sana.

Na mjomba nilimpenda, lazima niliseme hilo wazi. Alikuwa ndiye aliyebaki mwenye pua ya mama na namna ya mama ya kusafisha koo kabla ya kusema neno. Aliishi Bangwe karibu na maji, kwenye nyumba ya binamu yangu. Zamani alikuwa fundi wa mitumbwi. Sasa macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na kivuli basi, vingine vyote alivijua kwa vidole. Kila Ijumaa baada ya sala nilimpelekea ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, nikaketi naye mpaka alasiri.

Ijumaa moja yalinishinda, nikamwambia yote. Nilimwambia habari ya daktari, miaka sita, jogoo, migebuka, vocha. Nilisema hadi nikaanza kulia, si kwa huzuni, kwa hasira. Mjomba hakunikatiza. Nilipomaliza alisafisha koo.

"Ego," akasema kwa Kiha chetu. "Nimesikia."

Nilidhani na yeye ni walewale, wa mtani hakasirikiwi. Nilichukua bakuli langu nikaondoka.

Siku nne baadaye binamu yangu aliingia dukani kwangu Katubuka. Hakuwa amewahi kukanyaga pale tangu matanga.

"Mke wangu, shikamoo kwa niaba ya mateka wako."

"Unataka fotokopi?"

"Nataka elimu," akasema, akaegemea mashine yangu. "Kaisari wako ni mchafu. Ana weusi hata kwenye masikio. Uchafu ule unatolewaje?"

"Unautakia nini?"

Akatazama nyuma yake, akapunguza sauti kama mtu mwenye siri kubwa. "Nimepata mteja. Mzungu, amefikia hoteli ya Bangwe. Ameona picha, roho imemtoka. Lakini unawajua wazungu, wanataka mali safi."

Akanikonyeza. Mashine ilikuwa ikitoa nakala za mtihani wa darasa la saba, na nakumbuka nilizisubiri zitoke zote kabla ya kumjibu. Nilikuwa ninafikiri, na nilifikiri vizuri, msije mkasema nilipandwa na hasira. Nilijua kwamba mnunuzi yeyote anayezijua sarafu, akiiona iliyosuguliwa, hatainyooshea hata mkono. Nilijua maneno ya daktari. Nilijua pia kwamba sarafu ikiuzwa imepotea, na ikisuguliwa imepotea, na tofauti ni moja tu: ikisuguliwa, na yeye amekosa. Nikaona heri ife kuliko imnufaishe.

"Hivi mama yangu alikuwa anasuguaje masufuria yake?" nikamuuliza.

"Shangazi? Kwa mchanga. Yalikuwa yanang'aa mpaka unachania nywele."

"Basi. Mchanga wa ziwani, ule mwembamba. Changanya na majivu, kamulia ndimu. Sugulia juu ya jiwe, na usiogope kutia nguvu. Fedha ni ngumu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka usione weusi hata mahali pamoja."

Akanishika bega, uso wake mweupe kwa furaha. "Ndiyo maana sikuachi, mke wangu."

Alipotoka nilifunga duka saa moja kabla ya wakati, nikaenda kununua kuku nikampika kwa nazi, nikamla peke yangu. Majuma hayo nilikula vizuri na kulala vizuri kuliko wakati wowote tangu mama alipofariki. Nilimwona kwa akili mzungu wa Bangwe, nikampa kofia na miwani ya kusomea, nikamwona akifungua kitambaa, akikunja uso, akikirudisha. Nilimwona binamu yangu akieleza, akiapa, akionyesha picha kwenye simu, na mzungu akitikisa kichwa. Nilijitungia maneno nitakayomwambia akija kulalamika. Mkuki kwa nguruwe, bwana. Kutesa kwa zamu. Niliyasema mbele ya kioo, nikayapunguza makali, nikayaongeza tena.

Nilikwenda Bangwe kama kawaida. Ijumaa ya kwanza mjomba alikuwa mchangamfu, akala ugali wote. Ijumaa ya pili nikaona dole gumba lake la kulia limechubuka na kucha zimeingia mchanga. Nilimuuliza kulikoni. Akasema ana kikazi kidogo asubuhi pale ufukweni, kazi ya uzeeni, nisimwulize. Nilidhani amerudia kuchonga, kwamba anamchongea mtu kasia. Nilifurahi kumwona ana kazi. Nilimpaka mafuta ya nazi kwenye kidole, akacheka akasema mkono wangu ni wa dada yake.

Ijumaa ya tatu nilimkuta binamu yangu yupo. Duka lake halijawahi kufungwa siku ya Ijumaa mchana, kwa hiyo nikajua mambo yameiva. Nilijiandaa. Lakini hakuwa na uso wa mtu aliyekosa mteja. Alikuwa amekaa mkekani, amevaa kanzu safi, amekunja miguu kama mtoto aliyeambiwa atulie.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa mbele yangu. Na wewe kaa usikie," akamwambia mwanawe.

Mjomba akasafisha koo. Alisema kwamba utani ni kitu kizuri, mababu waliuweka ili watu wasilie mpaka wakafa, lakini una mwisho. Anayepokea jogoo wa kukombolea na asirudishe si mtani tena, ana jina lingine. Alisema kwamba siku ile nilipomweleza, jioni yake alimwita mwanawe akamwambia amletee ile mali ya watu.

"Akaniletea papo hapo, hakubisha. Ni mpuuzi, si mwizi. Nikamwambia, leo leo umrudishie mwenyewe. Akasema, baba, ni nyeusi. Nikamwambia kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kichafu. Hata sufuria ya kuazima husuguliwa kwanza, tena wewe umeikwangulia vocha! Nenda kamuulize mwenyewe inasafishwaje, maana mambo hayo anayajua yeye."

Nilimtazama binamu yangu. Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake, na kona ya mdomo wake ilikuwa ikicheka kidogo.

"Yule mzungu wa Bangwe je?" nikauliza.

"Nilikutania," akasema. "Baba alitaka uje ushtukizwe."

"Akarudi na jibu lako," mjomba akaendelea. "Mchanga, majivu na ndimu. Nikasema, kazi hii simwachii huyu, atafanya haraka haraka. Nitaifanya mimi. Kila asubuhi nilikuwa pale kwenye jiwe. Leo ni siku ya kumi na saba."

Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa leso iliyofungwa fundo, akalifungua kwa meno na kuniwekea kiganjani.

Iling'aa. Iling'aa kama kitu kilichotoka dukani, kidogo na chembamba, chepesi kuliko nilivyokikumbuka. Niliigeuza. Nikaigeuza tena, nikidhani bado sijauona upande wenyewe.

"Uchafu ulikuwa umeganda hasa," mjomba akasema, "upande mmoja zaidi. Nilikuwa naupima kwa dole gumba. Mwanzo ulikuwa nundu nundu, na vijistari vijistari juu yake, vigumu kweli. Karibu nikate tamaa. Nikasema hapana, hii ni mali ya binti wa dada yangu. Sasa pitisha kidole. Pitisha."

Alinishika mkono, akaupeleka mwenyewe. Nilipitisha kidole. Ilikuwa nyororo kama kokoto ya ufukweni.

"Inang'aa?" akauliza. "Mimi naona mwanga tu."

"Inang'aa, mjomba."

"Nilijua. Usilie sasa. Vitu vyenu mmerudishiana, yamekwisha."

Nilimbusu mkono, lile dole gumba lenye kovu jipya, nikamshukuru. Nilisema ahsante mara nyingi kupita kiasi. Na katikati ya ahsante hizo, ngoja niseme ukweli kama nilivyoanza, nilikuwa nikimchukia binamu yangu kuliko siku ya matanga. Kama angesema neno moja la kweli dukani pale! Anirudishie sarafu yangu chafu, nyeusi, na masizi yake yote! Nilitaka kumrukia kooni kwenye mkeka wa baba yake. Sikuwa na haki hata ya kumwuliza kitu. Maneno yalikuwa yangu, mpaka ndimu niliisema mimi.

Binamu yangu alinisindikiza hadi kwenye ua wa mchongoma. Hakutania hata mara moja, na mimi sijawahi kutembea na mtu huyu hatua kumi bila utani. Yeye ana macho. Miezi mingi alikaa na sarafu ile mkononi, alikuwa anaijua sura iliyokuwepo.

"Dada," akasema. Hakuwa ameniita dada maisha yake yote. "Ile dawa uliyonipa. Ilikuwa dawa ya kweli?"

Ningeweza kumwambia lolote. Nilikuwa nimeshika leso ya mjomba, na fundo lake lilikuwa bado na unyevu wa mate yake.

"Nilikuwa nakutania," nikamwambia.

Hakucheka. Tulisimama hivyo mpaka sauti ya mjomba ikatoka ndani, ikiniuliza kama nimeiweka mahali pazuri, isije ikashika uchafu tena. Nikamjibu kwa sauti, ili asikie vizuri, kwamba nimeiweka.